Mlango wa Sitaha ya Saba

Kazi yangu ilikuwa kukumbuka.
Miaka kumi na tisa, Swansea, ndani ya ghala la bati,
nilikaa ubavuni mwa kamera na daftari na penseli:
kikombe kiko mkono upi, kifungo kipi kimefunguka,
jasho la rubani limefika wapi kabla hatujaenda chai.
Watu walitazama nyota. Mimi nilitazama mikono.

Chombo chetu kiliitwa Teilo Tisa.
Kilikuwa cha mbao nyepesi zilizopakwa rangi ya fedha,
na mlango wa sitaha ya saba
tuliung'oa kwenye friji la bucha mmoja wa Neath;
taa zikipamba moto, ulinuka nyama.
Humo ndani tulipigana na maharamia wa Pete ya Tatu,
tukazika mabaharia kumi na mmoja,
mmoja wao mara mbili
(kosa langu, nalikiri).

Kisha fedha zikakatwa, bila hata kuagana.
Kipindi cha mwisho kiliishia katikati ya pumzi:
Nahodha Morfen, amebakiwa na hewa ya dakika tisa,
ameshika komeo la mlango ule,
na upande wa pili, kwenye utupu mtupu,
kitu kinabisha hodi.

Miaka thelathini na moja amesimama hapo.
Watoto waliotuandikia barua za kulia
sasa wana wajukuu.

Mwaka huu mchapishaji akaniandikia: endeleza.
Riwaya, kurasa mia tatu, kabla ya Krismasi.
Wewe ndiwe uliyebaki unayejua kila kitu kilipo.
Basi nikaanza, mezani jikoni, kati ya bili na marmaledi.
Nikampa Morfen kimbunga cha vimondo vya barafu,
nikampa mwezi unaozunguka kinyumenyume,
nikamfungulia mlango: adui yake wa siku zote,
hana silaha, anaomba maji.
Niliona nimepatia. Nikaisoma kwa sauti.
Paka akaondoka.

Jumanne nikapanda basi hadi Llanelli,
kwenye nyumba ya wazee anakotunzwa Nesta Pugh,
ambaye ndiye aliyekuwa Morfen.
Hajui jina la mwanawe. Hajui huu ni mwezi gani.
Aliniita nesi, halafu mama,
halafu akauliza kama basi la shule limeshapita.
Nikamsomea hivyo hivyo.
Vimondo havikumshtua, alikuwa akichambua uzi wa blanketi.
Nilipofika pale, *akalikamata komeo kwa mkono wa kulia*,
akainua kidole,
vile vile alivyokuwa akisimamisha kamera.

"Kushoto," akasema.
"Kushoto, binti. Kulia nina glavu ya yule kijana."

Kisha akarudi kwenye uzi wake.

Usiku nikapanda darini.
Daftari la mwaka ule limeshikana kurasa kwa unyevu,
nikalipasua taratibu kama mtu anayebandua plasta.
Mwandiko ni wangu:
M. mlangoni, KUSHOTO. Kulia: glavu ya Cai, kidole gumba kimeungua.

Cai. Fundi wa injini, umri miaka kumi na saba,
tuliyemwacha kwenye moto wa sitaha ya nne
kwa kuwa mwigizaji alipata kazi ya kudumu benki.
Maiti hatukuionyesha. Bajeti haikutosha maiti.
Nilikuwa nimemsahau kabisa,
mimi, niliyelipwa nisisahau.

Sura tatu nikazifuta.
Anayefungua mlango huku ameshika glavu ya mtu
hasikii hodi kama mwenye mkono mtupu.
Adui na kiu yake nikamtoa nje, radhi kwake,
nikachonga penseli,
nikaiandika hodi upya:

pigo moja zito, la glavu,
pigo moja jepesi, la ngozi tupu.

Dakika tisa.
Morfen anageuza kichwa.